Je, Wajua? Sarafu Zilizozeeshwa kwa Safari

Je, wajua kwa nini baadhi ya wakusanyaji sarafu huzikwepa zile za Wagiriki na Warumi wa kale? Si bei tu, maana kisarafu cha shaba cha Kirumi kilicholika hakimshindi mtu wa kawaida. Wanaogopa bandia. Mjerumani Carl Wilhelm Becker (1772–1830) alichonga kwa mkono mihuri ya kugongea sarafu za aina zaidi ya 300. Kwa kuwa zilitoka zikimeremeta mno, alizitia kwenye kisanduku chenye unga wa chuma, akakifunga kwenye gari lake la farasi, akaenda matembezi. Mashimo ya barabarani yakamalizia kazi. Tapeli, lakini fundi! Hata mabingwa waliingia mkenge. Mihuri yake imehifadhiwa Berlin.