Kwa Nini Ubuyu wa Masika Hulowa

Manzese, kuanzia Barabara ya Morogoro hadi vichochoro vya Midizini, ubuyu huuzwa kwenye maduka ya mangi, kwenye meza za mbele ya nyumba na kwenye vibanda vilivyo karibu na shule. Mwekundu, wa njano, wenye pilipili, wenye iliki. Karibu kila anayeupika alirithishwa mapishi na mtu: mama, shangazi, au bibi aliyekuja nayo kutoka Unguja au Tanga. Na karibu kila mmoja ana malalamiko yale yale, kwamba ubuyu uliotoka vizuri Julai, ukipikwa vile vile Aprili unashikana bonge moja na kuchuruzika ndani ya pakiti.

Wengi hulaumu sukari ya dukani. Mimi naona sukari inaonewa. Kinachobadilika ni hewa ya Dar es Salaam, nayo huathiri zaidi shira iliyochemka muda mrefu pamoja na uchachu.

Tuanze na tunda lenyewe. Buyu hukaukia mtini. Wakati wa kiangazi mbuyu hupukutisha majani na mabuyu yakabaki yananing'inia, na ndani unga mweupe umeshakauka ukizishika mbegu. Unga huo ni mchachu kwa sababu una asidi ya sitiriki, ya maliki na ya tartariki. Una pia pektini nyingi, ile inayofanya jemu igande. Mzigo mkubwa unaofika Dar hutoka nyanda kavu za Dodoma na mikoa jirani, mara nyingi kwenye viroba, ukiwa bado na mbegu.

Nyumbani, kwa kilo moja ya ubuyu wenye mbegu, wengi huweka sukari nusu kilo na maji nusu lita. Maji na sukari huchemka hadi ziwe shira nzito, kisha huingia rangi, iliki, chumvi kidogo na pilipili kwa anayependa, halafu ubuyu, na mwiko hauachwi kupinduliwa. Ukimuuliza mpishi ni dakika ngapi, atakuonyesha mwiko: tone likivuta uzi kati ya vidole, tayari. Jibu hilo ni sahihi kuliko saa, maana jiko la mkaa halina dakika. Uzi huo hutokea sukari inapofikia takriban asilimia 80 ya uzito wa shira, na joto likiwa karibu nyuzi 112.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Maji ya joto la kawaida yanaweza kubeba sukari hadi takriban asilimia 67 tu ya uzito wote. Shira ya asilimia 80 ikipoa huwa imebeba kupita uwezo wake, na sukari ya ziada inatafuta namna ya kujitoa. Ukiikoroga inapopoa, hujitoa kwa chembe nyeupe. Anayepika visheti anaitaka hali hiyo. Hupindua na kupindua mpaka shira ivae ukoko mweupe mkavu. Anayepika kaimati anaikimbia, ndiyo maana hukamulia ndimu kwenye shira yake ibaki inang'aa mpaka futari iishe.

Ndimu inafanya nini pale? Asidi ikichemka pamoja na sukari huikata molekuli ya sukari vipande viwili, glukosi na fruktosi. Mchanganyiko wa aina tatu za sukari haujipangi kirahisi kuwa chembe, kwa hiyo shira hukaa laini. Tofauti ya ubuyu ni kwamba hauhitaji ndimu. Umekuja na asidi yake, na kila dakika unayouacha motoni ndani ya shira, sukari inaendelea kukatwa.

Sasa hesabu ya hewa. Sukari ya kawaida ikiwa kavu huanza kulowa kwa unyevu wa hewa pale unyevu huo unapofika takriban asilimia 85. Fruktosi huanza mapema zaidi, kwenye 60 na kidogo. Julai mchana, upepo wa kusi ukivuma, ubuyu wenye fruktosi nyingi hung'aa na kulainika kinywani, na wateja huusifu. Aprili, mvua za masika zikiwa zimeshika, hewa ya jijini ina unyevu usiku kucha na asubuhi, na fruktosi ile ile huvuta maji mpaka ubuyu ulie. Sukari ikipungua ukali kwa maji hayo, ukungu nao hupata pa kuota. Mpishi ni yule yule, sufuria ni ile ile.

Kwa hiyo ningeshauri mapishi mawili kwa nyumba moja. Kiangazi, tia kijiko kimoja au viwili vya unga wa ubuyu kwenye shira mapema, ichemke nao kidogo, upate ubuyu laini. Masika, fanya kama wa visheti: shira ifike kwenye uzi ikiwa haijaguswa na kitu chochote kichachu, ipua, mimina ubuyu nje ya moto, kisha pindua bila kuchoka mpaka uone weupe unaanza kuchomoza. Acha upoe kabisa kabla ya kufunga, kwani mvuke ulionaswa ndani ya pakiti hufanya kazi ya masika hata mwezi wa nane.

Rangi inanitia wasiwasi zaidi kuliko bonge. Rangi za nguo ni rahisi kupatikana na zinakolea, lakini si chakula. India, jimbo la Tamil Nadu na eneo la Puducherry yalipiga marufuku pipi za pamba Februari 2024 baada ya kukuta ndani yake rodamini B, rangi ya viwandani. Nunua rangi iliyoandikwa kuwa ya chakula, katika kopo lenye jina la mtengenezaji. Au tumia choya. Wekundu wa choya hupenda uchachu, na ubuyu unao wa kutosha. Ila choya nayo ni asidi, basi ichemshe pembeni kwa maji machache na uitie mwishoni, hasa masika. Wekundu wake utakuwa wa kiasi. Watoto wanaopima ubuyu kwa ulimi kuwa mwekundu watalalamika kwa wiki moja hivi.

Kuhusu vitamini C, unga mkavu wa ubuyu hupimwa kati ya miligramu 150 na 500 kwa gramu 100, na chungwa lina kama 50. Lakini moto huiharibu vitamini hiyo, na ubuyu uliopikwa una sukari nyingi. Anayetaka faida hiyo akoroge unga kwenye maji baridi anywe juisi.

Limebaki suala la kurithishana. Binti aliyeolewa Mbagala hawezi kuona uzi kwenye vidole vya mama yake kupitia simu. Mizani ya jikoni inatosha. Pima sufuria tupu, andika. Tia sukari nusu kilo na maji, chemsha, na pima tena kabla ya ubuyu kuingia: ukitoa uzito wa sufuria ikabaki gramu 625, shira yako imefika asilimia 80. Ikiwa mkono wa mama hupenda nzito zaidi, mizani itasoma pungufu, labda 590, na hiyo ndiyo namba ya nyumba yenu. Iandikeni kwenye daftari, na pembeni muandike na mwezi mliopika.