Ganda la risasi linasema nini? Alama ndogo inayoweza kusaidia haki mashariki mwa DRC

Mapigano yakipita Masisi, Rutshuru au Djugu, maganda ya risasi hubaki ardhini. Watoto huyaokota ya kuchezea, wakaaji wengine huyafagia pamoja na takataka. Lakini kwenye kitako cha ganda, mahali padogo kama kifungo cha shati, mara nyingi kuna alama za kiwanda kilichotengeneza risasi hiyo na mwaka wake.

Wanaochunguza njia za silaha huanzia hapo. Ndiyo sababu alama hizo ni muhimu kwa Kikundi cha wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu DRC, kilichoundwa mwaka 2004 kufuatilia vikwazo vya silaha.

Tarakimu za kitakoni

Risasi ina sehemu nne: kichwa kinachoruka, baruti, kiwashio, na ganda linaloshikilia vyote hivyo. Bunduki ikifyatuliwa, kichwa huenda zake na ganda hutupwa kando. Risasi ya AK huitwa 7.62 kwa 39: namba ya kwanza ni upana wa tundu la mtutu, ya pili ni urefu wa ganda, zote kwa milimita.

Kwenye risasi nyingi za China, kitako huwa na namba ya kiwanda na tarakimu mbili za mwaka. Viwanda vya nchi nyingine hutumia herufi au nembo.

Mwaka huo una uzito. Vikwazo dhidi ya makundi yenye silaha ya Kivu na Ituri viliwekwa Julai 2003. Ganda la mwaka 2012 likiokotwa mahali kundi kama hilo lilipopigania, haiwezekani kusema ni mabaki ya vita vya 1996 au 1998. Risasi hiyo ilifika baada ya vikwazo, na kuna mtu aliyeipitisha.

Kiwanda si mnunuzi

Hata hivyo, ganda huonyesha risasi ilikozaliwa, si mikono iliyopitia. Kiwanda kimoja huuzia nchi nyingi. Risasi huibwa kwenye maghala ya jeshi, hutekwa vitani, au huuzwa na askari. Kwa hiyo alama ya nchi fulani haithibitishi kwamba jeshi lake lilikuwepo.

Kinachoweza kuonyesha mnunuzi ni namba ya shehena, lakini kwa kawaida huandikwa kwenye sanduku, nalo hutupwa mapema. Na hati ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2005 kuhusu kufuatilia silaha ndogo iliziacha risasi nje.

Brazil ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya 2003 inataka risasi za vyombo vya usalama ziwe na namba ya shehena kwenye ganda lenyewe. Diwani Marielle Franco alipouawa Rio de Janeiro Machi 2018, maganda yaliyookotwa yalikuwa ya shehena iliyouzwa kwa polisi ya shirikisho mwaka 2006. Namba hiyo haikutaja muuaji, ila ilionyesha shehena iliuzwa kwa nani.

Kuna pia ganda linalotumika zaidi ya mara moja. Marekani, wawindaji wengi hulirudisha ganda la shaba kwenye umbo lake kwa kulikandamiza ndani ya kalibu ya chuma, kisha huweka kiwashio, baruti na kichwa kipya. Alama ya kiwanda cha kwanza hubaki ileile, na aliyeijaza upya hajulikani. Kwa risasi za AK jambo hilo ni gumu zaidi, kwa kuwa maganda yake mengi ni ya chuma na viwashio vyake si rahisi kung'oa.

Usiokote

Kwa mkaaji, la kwanza ni usalama. Risasi ambayo haijafyatuliwa bado ina baruti na inaweza kulipuka ikigongwa au ikitupwa motoni. Karibu na maganda panaweza pia kuwa na guruneti. Watoto waambiwe: kisichojulikana hakiguswi, aitwe mtu mzima, na mkuu wa kijiji apewe habari ili wategua mabomu waitwe.

La pili ni ushahidi. Ganda lililohamishwa hupoteza nusu ya habari zake, kwa sababu mahali lilipoanguka huonyesha mfyatuaji aliposimama. Alama za pini ya bunduki kwenye kiwashio nazo zinaweza kulinganishwa na bunduki iliyokamatwa, iwapo ganda halijaharibiwa. Likiachwa palepale, mchunguzi akifika siku moja, atakuwa na pa kuanzia.