Kamera ya Kwanza: Tafuta Mwanga, Omba Ruhusa

Umepata kamera yako ya kwanza? Hongera! Labda umerithi ya mjomba, labda umedunduliza hela zako. Umetoka Nyakato mpaka mwaloni Kirumba, umempiga rafiki yako picha, ziwa likiwa nyuma yake. Kuiangalia, lo! Ziwa linang'aa, lakini sura yake ni giza tupu. Usiilaumu kamera, wala rangi ya rafiki yako.

Kwa nini inatokea hivyo?

Kamera ikijipangia yenyewe hupima mwanga wa eneo zima. Maji na anga vikimeremeta, hudhani mwanga umezidi, basi inaupunguza. Anayeumia ni yule aliye mbele. Dawa yake ni rahisi: mgeuze jua limwangukie yeye, au mpeleke kivulini chini ya mwembe. Saa sita mchana jua huweka vivuli machoni. Asubuhi na jioni ni poa zaidi. Ila usilichungulie jua kupitia lenzi. Linaweza kuunguza jicho bila hata kuuma.

Mambo matatu ya kushika

1. Tundu la lenzi. Namba ndogo, kama f/2.8, ni tundu kubwa: mwanga mwingi unaingia.
2. Kasi. Kwa 1/500 ya sekunde mchezaji anayekimbia anaganda. Kwa 1/30 anakuwa ukungu.
3. ISO. Ukiipandisha unapiga hata penye giza, lakini picha inakuwa na chenga.

Na ruhusa je?

Hapa ndipo wengi tunateleza. Mama anayeanika dagaa si mapambo ya picha yako. "Shikamoo mama, naomba nikupige picha?" Akikataa, shusha kamera, sema asante. Foleni ya zahanati usiipige kabisa: mtu akiona sura yake imesambaa, anaweza kuogopa kurudi kuchukua dawa.

Kumbuka pia, aliyekubali kupigwa picha hajakubali isambazwe. Muulize tena. Na picha za uchi? Usipige, usipigwe, hata mpenzi akibembeleza vipi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono mtandaoni. Kama yako imeshasambazwa, usinyamaze kwa aibu: mwambie mtu mzima unayemwamini, akusindikize polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.

Jaribu wiki hii

Mpige rafiki mmoja, kwa ruhusa yake, picha tatu: juani, kivulini, na ziwa likiwa nyuma. Zilinganisheni pamoja. Kisha yeye aseme ipi ibaki na ipi ifutwe.