Banda la Nyuma ya Nyumba: Pesa Ziende Wapi Kwanza?

Je, kikundi chenu kina mpango wa kujenga banda la kuweka majembe, viti vya kukodisha na magunia ya mahindi? Basi someni haya kabla mweka hazina hajatoa pesa benki.

Hapa Malinya wengi huanza kwa kufikiria ukuta na mlango, maana ndivyo wageni wanaviona. Sisi katika kikundi chetu tulifanya hivyo hivyo. Pesa ziliisha kwa mbao za ukuta na mlango wa chuma. Nguzo tukakata mikaratusi michanga, mibichi, tukaifukia ardhini. Msimu wa pili wa mvua kona moja iliketi chini, maji yakaingia, na magunia manne ya mahindi yakaota humo ndani. Mlango ulibaki mzima kabisa.

Adui wa banda hapa kwetu ni wawili, maji na mchwa. Kakamega hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, mara nyingi alasiri, na upepo juu yake. Nao mchwa, ambao ndugu zao wenye mabawa tunawakaanga na kuwaita tsiswa, hawana likizo. Kwa hivyo pesa ziende kwanza kwa miguu ya banda na kwa paa. Ukuta unaweza kungoja.

Tuanze na miguu. Mchwa hupenda ile sehemu nyeupe ya nje ya mti, na mti mchanga karibu wote ni hiyo. Tafuteni mti mkomavu wenye moyo mgumu. Wazee watawaambia lusiola, na wana haki. (Msiende kuutafuta Msitu wa Kakamega. Kukata huko bila kibali ni kesi.) Kuna wanaopaka nguzo oili chafu ya gari. Hiyo hukaa juu juu tu, na inachafua udongo na maji.

Njia bora ni kutenganisha mti na udongo. Mawe hapa hatuna shida nayo. Jengeni msingi wa mawe na simiti, utoke juu ya ardhi kama sentimita 30, na nguzo zisimame juu yake, zimefungwa kwa vyuma vilivyozamishwa kwa zege. Hata hapo mchwa atajaribu, lakini itambidi ajenge njia yake ya udongo juu ya jiwe mahali mnaona. Mtu mmoja wa kikundi apite kila wiki, akikuta hiyo njia aikwangue.

Sasa paa. Nyasi nzuri ya kuezeka imekuwa ngumu kupata tangu mashamba yawe vipande vidogo, kwa hivyo wengi mtanunua mabati. Hapa ndipo watu huchezewa. Namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 28 ni nene kuliko zote hizo. Ulizeni geji, na muandikiwe kwenye risiti. Misumari ipigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni ambapo maji yanapita. Mbao za paa zikauke kwanza kivulini, la sivyo zitapinda na kung'oa misumari. Paa litokeze nje ya ukuta nusu mita au zaidi.

Paa likitokeza hivyo, ukuta wa fito na udongo unatosha kabisa. Fundi mwingine atawacheka, lakini ni yeye anayelipwa kwa tofali. Tumieni udongo mwekundu wa chini, si ule mweusi wa juu wenye mizizi, mchanganye na nyasi zilizokatwa. Ngojeni ukauke na kupasuka, ndipo mpake wa pili.

Magunia yenyewe yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, hata banda likiwa jipya.