Boila ya Nyumbani: Usizibe Vali Inayodondosha Maji

Wakazi wengi wa Kitengela, Ongata Rongai, Kiserian na Ngong wamehama nyumba za kupanga na kuingia katika nyumba zao wenyewe. Ulipokuwa mpangaji, maji ya moto yakikosekana ulimpigia simu msimamizi wa ploti. Sasa msimamizi ni wewe. Chombo kimoja ambacho wenye nyumba wapya husahau ni boila, yaani silinda ya kupasha maji iliyo darini au juu ya paa, iwe inatumia stima pekee au jua na stima.

Vali ya usalama

Maji yakipata moto huongezeka. Boila ya lita 150 ikipasha maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 za Selsiasi, maji hayo huongezeka kwa zaidi ya lita 2. Silinda ikiwa imejaa, maji ya ziada hutoka kupitia vali ndogo yenye kishikio iliyo kwenye boila au kwenye bomba lake. Kwa hivyo, ukiona matone wakati maji yanapashwa, vali inafanya kazi yake.

Hatari huanza pale mtu anapoona dari imelowa, kisha anaiziba vali hiyo. Kifaa cha kudhibiti joto, yaani thamostati, kikiharibika wakati vali imezibwa, maji hupita nyuzi 100 bila kugeuka mvuke kwa sababu ya presha. Silinda ikipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Nguvu hiyo inaweza kung'oa paa na kuua watu.

Ikiwa matone yanaharibu dari, mwite fundi wa mabomba aunganishe mpira au bomba la kupeleka maji nje. Mwisho wa bomba hilo uachwe wazi, bila mfereji. Vali ikidondosha hata boila ikiwa imezimwa na kupoa, huenda vali imechakaa au presha ya maji yanayoingia ni kubwa mno. Mitambo ya jua isiyo na presha huwa na bomba la kupumulia. Nalo pia lisizibwe.

Mara mbili kwa mwaka, inua kishikio cha vali kwa sekunde chache. Maji yatoke, kisha yakome unapokiachilia. Simama kando, kwa kuwa maji hayo huunguza. Yasipotoka, au yakikataa kukoma, zima boila na umwite fundi.

Maji ya visima

Nyumba nyingi katika kaunti yetu hutumia maji ya visima virefu, ambayo mara nyingi huwa na madini mengi. Angalia ndani ya birika lako la stima: ukoko mweupe ulio humo ndio unaojijenga ndani ya boila. Ukoko huo hufunika koili ya kupashia maji, nayo hupata joto kupita kiasi na kuungua. Boila ikianza kunguruma au kutoa milio, huenda ukoko umezidi.

Mwambie fundi amwage maji yote ya boila na kuondoa ukoko angalau mara moja kwa mwaka. Wakati huo akague pia fimbo ya magnesiamu, ikiwa boila yako inayo. Fimbo hiyo huliwa na kutu badala ya silinda. Ikiisha, kutu huhamia kwenye silinda yenyewe, na kubadilisha fimbo ni rahisi kuliko kununua boila mpya.

Stima na joto

Usiwashe boila kabla ya kuhakikisha imejaa maji, hasa baada ya mgao wa maji. Fungua mfereji wa maji ya moto. Maji yakitoka kwa mfululizo bila hewa, washa. Koili inayowaka bila maji huungua kwa muda mfupi.

Weka thamostati kwenye nyuzi 60. Maji ya uvuguvugu yanayokaa silindani huweza kuzalisha bakteria zinazosababisha homa kali ya mapafu. Hata hivyo, maji ya nyuzi 60 humuunguza mtoto kwa sekunde chache, kwa hivyo anza kwa maji baridi kwenye beseni, kisha ongeza ya moto.

Kupasha lita 150 kutoka nyuzi 20 hadi 60 hula takriban uniti 7 za stima. Kama boila yako ni ya jua, washa stima siku za mawingu tu.

Ukihisi mtetemo wa stima unaposhika mfereji au ukiwa bafuni, usiguse tena maji wala bomba. Zima swichi kuu ya nyumba na umwite fundi wa umeme. Kabla hajaanza kazi, mwombe akuonyeshe leseni yake ya EPRA. Ni haki yako kama mwenye nyumba.

Wikendi hii, tafuta vali ya boila yako. Ukiikuta imezibwa, zima boila leo na usiiwashe hadi fundi aikague.