Kiingereza cha Uwanjani, Busia na Tororo

Barua ilifika siku ya Jumatatu. Ilitoka kwa katibu wa mashindano, imepigwa chapa kwa Kiingereza safi, na sentensi yenye uzito ndani yake ilikuwa moja tu: mechi ya vijana wa Busia na timu moja ya askari wa upande wa Tororo "has been brought forward by one week". Koplo aliyekuwa meneja wa timu hiyo aliisoma mara mbili, kisha akawatangazia wenzake: "Mechi imesogezwa mbele wiki moja. Pumzikeni."

Wakapumzika. Jumamosi ya wiki ile ile vijana wa Busia walishuka garini Tororo, wakavaa jezi, wakaanza kupasha miili moto. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Refa alitazama saa yake, akangoja kwa muda uliowekwa na kanuni, akapuliza filimbi na kuandika katika ripoti yake neno moja: "walkover". Maana yake ni ushindi wa mezani. Pointi zote zikavuka kwenda Busia.

"Afande, barua si imesema mbele?" Koplo alilalamika. Nami niliyekuwa kando ya uwanja na daftari langu sikuweza kumcheka, kwa kuwa hakukosa kusoma. Alitafsiri neno kwa neno. Katika Kiswahili jambo lililosogezwa mbele limeahirishwa. Katika Kiingereza jambo lililokuwa "brought forward" limewahishwa. Kama katibu alikusudia kuahirisha, angeandika "postponed" au "put back". Na kama angeandika tarehe, pasingekuwa na kesi yoyote.

Msomaji atauliza kwa nini tuhangaike na Kiingereza, ilhali pembeni mwa uwanja mpakani husikika Kisamia, Kiteso, Kijapadhola na Kiswahili. Jawabu ni kwamba maneno ya mdomoni ni mengine na karatasi ni nyingine. Ratiba, usajili na rufani huandikwa kwa Kiingereza, Uganda na Kenya pia. Hata sheria 17 za kandanda, zinazotungwa na bodi ya kimataifa iliyoundwa mwaka 1886, hutolewa kwa lugha kadhaa, lakini tafsiri zikipingana, maandishi ya Kiingereza ndiyo yanayofuatwa.

Maneno magumu wala hayadhuru sana, kwa sababu mtu huyaulizia. Yanayodhuru ni mepesi, yale tunayodhani tunayajua tangu shule ya msingi. Chukua "draw". Likiwa katika matokeo, ni sare. Likiwa katika barua ya kabla ya mashindano, ni kura ya kupanga nani atakutana na nani, na asiyehudhuria kura hiyo asije akanung'unika baadaye. Au "bye". Timu iliyoandikiwa neno hili haikuagwa, wala haikutolewa. Imepita raundi hiyo bila kucheza, kwa kuwa idadi ya timu haikugawanyika sawasawa. Ingekuwa masikitiko makubwa timu ikunje jezi zake na kurudi nyumbani kwa kudhani imeambiwa kwaheri!

"Leg" nalo si mguu. Ni mechi mojawapo kati ya mbili, ya nyumbani na ya ugenini, na jumla ya mabao yake huitwa "aggregate". Wazee wa jeshini wanalo somo lake la uchungu. Mwaka 1972 Simba, timu ya jeshi la Uganda, ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Ilifungwa na Hafia ya Guinea 4–2 katika "leg" ya kwanza na 3–2 katika ya pili, hivyo "aggregate" ikawa 7–4. Mwaka huo huo polisi wetu John Akii-Bua alishinda medali ya dhahabu ya mbio za mita 400 kuruka viunzi mjini Munich kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Kabla ya fainali alipita katika "heats". Hilo si joto; ni mbio za mchujo.

Akina mama wa kambini wasidhani haya ni ya wanaume. Katika netiboli timu ina wachezaji saba, na kila mmoja huvaa kifuani herufi za nafasi yake. Binti anayejua kwamba GS ni "goal shooter" na GA ni "goal attack" anajua pia kuwa hao wawili tu ndio wenye ruhusa ya kufunga. C ni "centre", azungukaye karibu uwanja mzima lakini haruhusiwi kuingia katika nusu duara za kufungia. Herufi hizo hushonwa kwenye "bib", neno ambalo nyumbani ni kitambaa cha shingoni cha mtoto anayelishwa uji. Na mlinda mlango akisifiwa kwa "clean sheet", hakufua shuka, hakuruhusu bao.

Koplo wetu angali meneja wa timu. Barua ikifika, humpa kwanza binti yake wa sekondari aisome, kisha huvuka mwenyewe hadi Busia kumwuliza katibu ana kwa ana, kwa Kiswahili: "Mzee, tarehe ngapi?"