Mbona figo ya nguruwe, si ya sokwe?

MNAMO Machi 16, 2024, madaktari wa Hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, Marekani, walimpandikiza Richard Slayman, aliyekuwa na umri wa miaka 62, figo ya nguruwe iliyofanyiwa marekebisho ya jeni. Hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuwekewa figo ya aina hiyo kabla yake. Aliaga dunia takriban miezi miwili baadaye, na hospitali ikasema haikuona dalili kwamba upandikizaji huo ndio uliomuua.

Msomaji ana haki ya kuuliza: mbona nguruwe, ilhali jamaa yetu wa karibu zaidi miongoni mwa wanyama ni sokwe?

Jibu ni kuwa udugu ni jambo moja na kutoshana ni jingine. Nguruwe mwenye uzito wa mtu mzima huwa na moyo unaokaribiana na wetu kwa ukubwa, wenye vyumba vinne na vali nne. Tumbo lake lina chumba kimoja, si vinne kama la ng'ombe, maana naye hula nyama na mboga sawa na sisi. Ama figo, ndiyo ya kustaajabisha zaidi. Ukipasua ya mbuzi au ya mbwa, utaona sehemu ya ndani imeungana ikawa kitu kimoja. Ya nguruwe imegawanyika mafungu kadhaa yenye umbo la piramidi, kama ya binadamu.

Sokwe naye huzaa mtoto mmoja baada ya miaka kadhaa na yumo hatarini kuangamia. Isitoshe, ukaribu wake wenyewe ni tishio, kwani virusi vya Ukimwi vilivyoenea duniani chimbuko lake ni sokwe. Nguruwe hubeba mimba siku 114 tu, akazaa hata watoto kumi kwa mkupuo.

Tiba imemtegemea kitambo. Insulini yake, inayotofautiana na yetu katika kiungo kimoja tu kati ya 51 vinavyoiunda, iliwasaidia wagonjwa wa kisukari kwa miongo mingi. Vali za moyo wake zingali zinatumika katika upasuaji, na wanazuoni wengi wa Kiislamu wameziruhusu pale dharura inapolazimu.

Hata hivyo, kufanana huku kuna mtego. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya pili, aliona wavu wa vijishipa vya damu chini ya ubongo wa wanyama aliowapasua, akadai binadamu naye anao. Hatuna. Dai hilo lilisomeshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, hadi wataalamu wa karne ya 16, akiwemo Andreas Vesalius, walipolikanusha.

Mtego wa siku hizi ni sukari. Chembe za nguruwe zimefunikwa na aina ya sukari ambayo mwili wetu hauna, na kinga yetu huishambulia papo hapo. Kiungo kisichorekebishwa huweza kuharibika kwa dakika chache. Ndiyo sababu figo ya Slayman ilibadilishwa jeni mara 69. Kuna pia virusi: David Bennett, aliyepewa moyo wa nguruwe mjini Baltimore Januari 2022, alifariki baada ya miezi miwili, na virusi vya nguruwe vikapatikana katika moyo huo.

Tim Andrews, aliyepandikizwa figo mjini Boston Januari 2025, aliishi nayo siku 271 kabla ya kutolewa ilipoanza kudhoofika.